Kwa nini soriasisi hurudi palepale ilipopona

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, nina soriasisi, haya mabaka ya magamba kwenye ngozi, tangu nikiwa sekondari. Nikipaka dawa inapona, ngozi inakuwa laini kabisa. Nikiacha, baada ya miezi michache inarudi, na kinachonishangaza inarudi palepale: viwiko vyote viwili, goti la kushoto na nyuma ya sikio. Kwa nini haihami? Dada yangu anasema kinga yangu imeshuka, ninunue dawa za kuongeza kinga. Na hizi sindano mpya ninazozisikia, ni kweli zinaifuta kabisa?

Jibu: Nzuri, dada, na pole kwa kuishi na hali hii tangu shuleni. Swali lako la kwanza limewashughulisha watafiti wa ngozi kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu, na hayo mengine mawili yatapata majibu humo humo. Kwa kifupi ni hivi: ngozi iliyopona kwa macho haijasahau. Ndani yake zimebaki chembe za kinga zilizofanya makazi pale, na zikichokozwa zinauanzisha ugonjwa upya bila kungoja msaada wowote kutoka kwenye damu. Kinga yako haijashuka. Katika sehemu hizo chache imezidi kiasi.

Tuanze na kinachotokea kwenye kiwiko ugonjwa ukiwa umewaka. Kwa mtu asiye na soriasisi, tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lote kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Seli huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa na kupukutika bila mtu kuona. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo huisha kwa siku tatu hadi tano. Seli hufika juu hazijakomaa, zinarundikana, na ndiyo hayo magamba meupe unayoyapangusa. Kwa sababu hiyo madaktari waliamini kwa miaka mingi kwamba kasoro iko kwenye seli za ngozi zenyewe. Mwaka 1951 daktari Mmarekani, Richard Gubner, aliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa iitwayo aminopterini, akaona mabaka ya soriasisi ya baadhi yao yanasafika. Dawa hiyo ndiyo iliyotangulia methotreksati tunayoitumia hospitalini hadi leo, na kwa kuwa huzuia seli kugawanyika, ilionekana kuithibitisha imani ile.

Imani ilitikisika mwaka 1979, pale siklosporini, dawa ya kuuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, iliposafisha ngozi za wagonjwa wa soriasisi. Siklosporini inazinyamazisha seli T, aina ya chembe nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi ya kinga. Kisha yakaja mambo yaliyoonekana kwa waliopandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu. Baadhi ya wenye soriasisi waliopata uboho wa mtu asiye nayo waliona mabaka yakiondoka, na kumeripotiwa pia mtu aliyeanza kuwa na soriasisi baada ya kupokea uboho wa ndugu yake mwenye ugonjwa huo. Uboho ndiko chembe za kinga zinakozaliwa. Hapo ikawa vigumu kuendelea kuilaumu ngozi peke yake.

Leo mlolongo wenyewe unajulikana vizuri. Chembe za kinga zinazochunguza ngozi hutoa ujumbe wa kikemikali uitwao intaleukini-23. Seli T zikiupokea hutoa ujumbe wao, intaleukini-17 na intaleukini-22. Seli za ngozi zikipata ujumbe huo huanza kuzaliana mbio, na zenyewe hutoa kemikali za kuita chembe nyingine zaidi za kinga. Zile zikifika, mzunguko unaanza tena kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana baka haliishi lenyewe kwa urahisi: kila upande unauchochea mwingine.

Lakini hapo swali lako ndipo linapokuwa gumu kweli. Damu inazunguka mwili mzima. Kama ugonjwa unaletwa na chembe za damuni, kwa nini goti la kushoto na si la kulia?

Watu walifikiri kwanza kwamba ngozi ya mahali pale ina mlango ulio wazi unaozipitisha chembe hizo kutoka kwenye mishipa ya damu. Ikatengenezwa dawa ya kuziba mlango mmojawapo, kingamwili (protini inayokamata kitu kimoja mahususi) dhidi ya kinata ambacho seli T hukitumia kushika ukuta wa mshipa kabla ya kupenya. Ilijaribiwa kwa wagonjwa, matokeo yakatoka 2002: haikusaidia. Kwa wakati ule ilionekana ni dawa iliyoshindwa tu. Mimi naona lilikuwa jibu muhimu, kwamba huenda wavamizi hawaingii kila mara kwa sababu walishaingia zamani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Zürich na kuchapishwa 2004 na Onur Boyman, Frank Nestle na wenzao. Walichukua vipande vya ngozi kutoka kwa watu wenye soriasisi, ila hawakukata kwenye mabaka. Walikata mahali ambapo ngozi ilionekana nzima, wakaipandikiza kwa panya wasio na kinga ya kuweza kuikataa. Hawakuwachoma panya hao chembe yoyote kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Baada ya wiki chache vipande vile vilinenepa na kuota soriasisi kamili. Seli T chache zilizosafiri ndani ya kipande cha ngozi ziliongezeka humo humo, na watafiti walipozizuia ugonjwa haukutokea. Mgonjwa hakuwepo, damu yake haikuwepo, na bado ngozi peke yake ilitosha.

Miaka miwili baadaye Rachael Clark na wenzake mjini Boston wakakadiria seli T zilizomo katika ngozi nzima ya mtu mzima mwenye afya. Walipata bilioni 20 hivi, karibu mara mbili ya zile zilizomo katika damu yote. Hizi si wapita njia. Clark alikuja kuliona jambo hilo tena, mwaka 2012, kwa wagonjwa wa saratani ya seli T inayoshambulia ngozi. Walipewa dawa inayozifuta seli T kwenye damu. Damuni zilitoweka, lakini ndani ya ngozi kundi kubwa lilibaki salama likiendelea kuikinga. Nadhani unaelewa sasa kwa nini kipimo cha damu hakiwezi kukuonyesha hasa kinachoendelea kwenye kiwiko chako.

Chembe hizi huitwa seli T za kumbukumbu zinazokaa kwenye tishu. Zifikirie kama mgambo wa mtaa, ukilinganisha na polisi wa doria wanaopita na gari na kuondoka. Mgambo anaishi hapo, anamjua mwizi aliyekamatwa mwaka juzi, na akimwona tena hapigi simu makao makuu kwanza. Mungu ametuwekea walinzi hawa kwa faida yetu: kirusi kilichowahi kuingia kupitia sehemu fulani ya ngozi kikirudi hapo hukutana na waliokwisha kukizoea. Tatizo la soriasisi ni kwamba mgambo hawa wamemkariri mtu asiye na kosa. Wanashambulia vitu vya mwili wenyewe.

Huenda umewahi kuiona nguvu ya kumbukumbu hii bila kuijua. Wapo watu ambao wakimeza dawa yenye salfa wanatokwa na doa jeusi la mviringo mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Linapona, linaacha weusi. Mwaka mwingine wakimeza tena dawa ya jamii hiyo, doa linawaka palepale, mara nyingi ndani ya saa chache. Dawa imepita mwili mzima, lakini sehemu iliyokuwa na seli T zilizobaki tangu mara ya kwanza ndiyo iliyojibu. Kliniki zetu za ngozi zinaliona tatizo hili mara kwa mara, na seli zinazohusika ni za jamii moja na zile za kwenye kiwiko chako.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali yako ulitoka Stockholm mwaka 2014, katika kundi la Liv Eidsmo wa Taasisi ya Karolinska. Walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka mahali palipokuwa na baka ambapo sasa palikuwa pamepona, laini kama unavyosema wewe, kwa wagonjwa waliotibiwa kwa mwanga au kwa sindano. Walipozichokoza maabara seli T zilizomo katika tabaka la juu, zilitoa intaleukini-17 na 22 kama vile ugonjwa haujawahi kuondoka. Kwa baadhi ilikuwa hivyo hata baada ya matibabu ya miaka hadi 6. Ngozi imepona, silaha ziko tayari.

Na si chembe za kinga pekee zinazokumbuka. Mwaka 2017 Shruti Naik na Elaine Fuchs, wakiwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwa panya kwamba seli mama za ngozi zilizowahi kupitia mchochota, yaani ule moto wa kinga wenye wekundu na uvimbe, huacha sehemu fulani za jeni zao zikiwa wazi, tayari kutumika haraka. Kidonda kikitokea hapo, hufunga kwa kasi ya mara mbili na nusu kuliko kwenye ngozi ambayo haijawahi kuwaka. Kwa kidonda ni faida. Kwa mtu mwenye soriasisi, inaelekea ni sababu nyingine ya ngozi ile kuitikia upesi mno.

Sasa kwa nini viwiko na goti? Hapa kazi yako inahusika. Heinrich Koebner, daktari wa ngozi wa Breslau katika karne ya 19, ndiye aliyeeleza kwamba ngozi ya mwenye soriasisi ikikwaruzwa au kuumizwa, baka jipya huweza kuota kwenye jeraha lenyewe, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu. Fundi anaegemeza viwiko mezani kutwa. Kama cherehani yako ina kitufe au wenzo unaousukuma kwa goti, angalia ni goti gani. Nyuma ya sikio pachunguze miwani, hereni na mafuta ya nywele yanayowasha. Weka kitambaa laini chenye unene chini ya viwiko unaposhona, na magamba usiyabandue kwa kucha wala kwa dodoki. Yalainishe kwa mafuta ya mgando usiku, asubuhi yataondoka yenyewe.

Kuhusu ushauri wa dada yako. Anakupenda na ameona kitu kinachorudi, akadhani mwili umeshindwa kujilinda. Lakini soriasisi siyo upungufu wa kinga, wala haiambukizi, na hizo dawa za kuongeza kinga hazijathibitishwa kuitibu. Fedha hiyo inunulie mafuta. Lipo jambo moja linalowachanganya wengi, hata wahudumu wa afya: watu wanaoishi na VVU, ambao kinga yao imepungua kweli, wanaweza kupata soriasisi kali sana. Inaelekea ni kwa sababu VVU huharibu zaidi kundi moja la seli T, lile ambalo ndani yake wamo pia watulizaji wa kinga, huku kundi jingine linaloshambulia ngozi likibaki na nguvu. Wakitumia ARV vizuri, mara nyingi ngozi nayo hutulia. Kwa hiyo soriasisi inayolipuka ghafla mwili mzima ni sababu nzuri ya kupima VVU. Yako, iliyokaa sehemu zilezile kwa miaka, haina sura hiyo, ila kupima ni vyema kwa kila mtu.

Kitu kingine kinachoweza kuiamsha ni maambukizi ya koo. Bakteria wanaoleta mafindofindo wana protini zinazofanana na zetu, na seli T zilizoamshwa dhidi yao zinaweza kugeukia ngozi. Ukiona vipele vidogo kama matone vimetapakaa mgongoni wiki moja hadi tatu baada ya koo kuuma, nenda hospitali na uliseme hilo la koo.

Nije kwenye sindano. Ni kingamwili zilizotengenezwa maabara kuukamata ujumbe ule niliokueleza kabla haujafika. Sekukinumabu, inayozuia intaleukini-17, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Guselkumabu, inayozuia intaleukini-23, ikafuata 2017. Zinafanya kazi vizuri kwa namna ambayo sisi tuliosomea udaktari kabla yake hatukuitegemea. Katika utafiti uliozilinganisha ana kwa ana, uliochapishwa 2019 ukiwa na wagonjwa zaidi ya elfu moja, baada ya wiki 48 asilimia 84 ya waliopata guselkumabu walikuwa wamesafika kwa asilimia 90 au zaidi, na waliopata sekukinumabu ni asilimia 70.

Lakini kusafika siyo kufutika. Dawa inayouzuia ujumbe haimwondoi anayeutuma. Ndiyo maana wengi wakiacha sindano hurudiwa, na palepale. Kilichonipa matumaini ni vipande vya ngozi vilivyochunguzwa kutoka kwa baadhi ya wagonjwa wa utafiti huohuo: kwa waliopata guselkumabu, idadi ya seli T za makazi ilipungua ndani ya ngozi; kwa wale wengine haikupungua hivyo. Inaelekea seli hizi zinahitaji intaleukini-23 ili ziendelee kuishi pale. Utafiti mwingine, wa Ulaya, uliochapishwa 2023, uliwachukua waliosafika kabisa kwa guselkumabu, nusu wakachomwa kila wiki 8 kama kawaida na nusu kila wiki 16. Zaidi ya tisa katika kumi walibaki vizuri katika makundi yote mawili. Na waliosafika upesi kiasi hicho walikuwa wengi zaidi miongoni mwa walioanza kutibiwa ndani ya miaka miwili tangu ugonjwa uanze, labda kabla mgambo hawajawa wengi mtaani. Wewe una miaka mingi nao, lakini kama una mdogo wako au mtoto anayeanza kuonyesha dalili, hiyo ndiyo sababu ya kutomwambia asubiri.

Sindano hizi ni ghali sana na kwetu hazipatikani kwa urahisi. Kwa ugonjwa wa sehemu chache kama wako huna haja nazo. Ikitokea siku ukapewa yoyote, hakikisha umepimwa kwanza kifua kikuu kilicholala, hasa kama ni sindano ya kundi la zamani linalozuia kemikali iitwayo TNF. Kemikali hiyo ndiyo inayowafungia bakteria wa kifua kikuu mapafuni, na ukiizuia wanaweza kutoka. Katika nchi zetu, ambako wengi wamekwisha kukutana na bakteria hao, sharti hili halina mjadala.

Ninachotaka ubadilishe ni namna unavyoitumia dawa uliyonayo. Unapaka mpaka ngozi inakuwa laini, unaacha siku hiyohiyo, kisha unangoja mabaka yatokee. Ukijua kwamba chini ya ulaini huo seli bado zipo, utaona kwa nini inafaa kuendelea kupaka kidogo mahali palipopona. Hili limejaribiwa: watu waliokuwa wamepona waliendelea kupaka mara mbili kwa wiki dawa ya povu yenye mchanganyiko wa steroidi, inayotuliza mchochota, na kalsipotrioli, yenye asili ya vitamini D, na nusu yao walifikisha siku 56 kabla ugonjwa haujarudi, dhidi ya siku 30 kwa waliopaka povu lisilo na dawa. Muulize daktari wako kama dawa yako inafaa kutumika hivyo, na kwa sehemu zipi. Nyuma ya sikio ngozi ni nyembamba, inataka steroidi nyepesi kuliko ya kiwikoni.

Usitumie mkorogo wala krimu za kung'arisha hata kama jirani anasema zilimponya. Nyingi zina klobetasoli, steroidi kali kuliko karibu zote, ambayo kweli husafisha mabaka kwa wiki chache, kisha huikondesha ngozi, huichana mistari, na ukiiacha ugonjwa hurudi mkali zaidi. Vidonge vya prednisoloni navyo viogope kwa sababu hiyohiyo: kuviacha ghafla kunaweza kuleta soriasisi ya usaha mwili mzima, na hiyo inalaza mtu wodini. Na ikiwa utaandikiwa methotreksati, ni mara moja kwa WIKI, siku ileile, si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Haitumiwi kabisa na mjamzito au anayetarajia kubeba mimba, na haipatani na pombe.

Baada ya kupona utabaki na madoa meusi au meupe kwa miezi kadhaa. Kwa ngozi zetu nyeusi ni kawaida na siyo ugonjwa. Pitisha kidole: kama ni laini, haina gamba wala unene, soriasisi haiko kazini hapo, ni rangi tu inayorejea. Usiongeze dawa kali kulifukuza doa.

Kama uko mbali na daktari bingwa, uliza hospitali ya mkoa wako kama kuna tabibu aliyesomea ngozi katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Tangu 1992 kinafundisha matabibu kutoka Tanzania na nchi nyingi za Afrika, na watu hawa wanaijua soriasisi kwenye ngozi nyeusi kuliko vitabu vingi, kwa kuwa kwetu baka halionekani jekundu kama katika picha za Ulaya. Huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia, na mara nyingi hutibiwa kama fangasi kwa miaka. Mwonyeshe na kucha zako. Kama zina vishimo vidogo kama vya sindano, au zinaachana na nyama, au ukiamka vidole na kisigino vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, mwambie siku hiyohiyo, maana mashambulizi haya yanaweza kuhamia kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika dawa haikirudishi kilivyokuwa. Kwa mtu anayeishi kwa vidole vyake, hilo lisingoje miadi ya mwezi ujao.